Vijana, Wazee na Mchezo wa Kuigiza

Natumaini mmekwisha kukaa karibu na redio, na kwamba mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno manne ya leo: jukwaa, mazoezi, leseni, rehani. Msiyasome bado. Tutayakuta njiani, moja moja, na kila moja tutalijua kwa kazi yake.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya vijana na mchezo wa kuigiza. Najua wengine wenu mtasema, "Bwana Elimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika, na hesabu za kupima shamba. Michezo ni mambo ya watoto." Subirini kidogo. Jambo hili linawahusu ninyi kuliko mnavyodhani, maana kila mahali ninapokwenda kukagua madarasa ya kisomo naona habari ile ile. Jumba la kisomo hutumika saa mbili au tatu, siku chache katika juma. Saa nyingine limefungwa kwa kufuli. Nje, chini ya mti, wamekaa vijana waliomaliza shule na ambao hawajapata kazi. Siku moja vijana hao huja kwa wazee na kuomba ufunguo. Wanataka kufanya mchezo wa kuigiza.

Je, wazee huwajibu nini? Mara nyingi huwaambia kwamba ngoma za usiku huleta uhuni, na kwamba wasichana wataharibika. Au huwapa ufunguo kisha wakarudi nyumbani kulala, wasijue kinachofanywa mle ndani. Mimi naona majibu yote mawili si mazuri. Ili mjue kwa nini nasema hivyo, nitawapeleka Limuru, katika kijiji kiitwacho Kamiriithu.

Kamiriithu ni mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu waliondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika juu ya vilima wakakusanywa mahali pamoja ili serikali ya kikoloni iweze kuwalinda kwa bunduki na kuwazuia wasiwasaidie wapiganaji wa msituni. Ndivyo kijiji kile kilivyozaliwa. Wazee wetu waliopita katika vijiji vya namna hiyo hawahitaji mimi niwaeleze maisha yalivyokuwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 watu wengi walibaki pale pale. Wengine walikwenda kuchuma chai katika mashamba makubwa, wengine wakafanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Limuru, na wengine hawakuwa na kazi yoyote.

Katika kijiji hicho palikuwa na ekari 4 za ardhi zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana. Kituo chenyewe hakikuwa kitu. Palikuwa na jengo moja la kuta za udongo, lenye vyumba vinne, linalokaribia kuanguka, na lililobaki lilikuwa majani matupu. Ndani ya jengo hilo watu wazima walijaribu kujifunza kusoma. Mnaona sasa? Kituo cha vijana na darasa la kisomo vilikuwa chini ya paa moja, na vyote viwili vilikuwa hoi.

Basi mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alikwenda asubuhi mapema nyumbani kwa mwandishi Ngugi wa Thiong'o, ambaye alikuwa akikaa karibu na pale, na ambaye alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanamke yule hakwenda kuomba fedha. Alimwambia, kwa maana, kwamba kijiji kimesikia kuwa yeye ni msomi na anaandika vitabu. Mbona basi hawapi wenzake sehemu ndogo ya elimu hiyo, pamoja na sehemu ndogo ya wakati wake? Alipoona hapati jibu la haraka alirudi Jumapili iliyofuata. Akarudi tena, na tena. Jumapili nne mfululizo. Mwishoni mwalimu alikubali.

Nimesimama kidogo katika habari hii kwa sababu watu wanaposimulia juu ya Kamiriithu huanza na jina la mwandishi mashuhuri. Lakini bila yule mama na miguu yake, mwandishi angebaki nyumbani kwake Jumapili zote.

Kazi ya kwanza haikuwa mchezo. Kazi ya kwanza ilikuwa kisomo, iliyosimamiwa na Ngugi mwingine, Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mfanyakazi wa utafiti katika chuo kikuu hicho hicho. Watu walijifunza kusoma na kuandika kwa Kigikuyu, lugha waliyoinyonya pamoja na maziwa. Mwezi Desemba 1976 wengi walikuwa wanaweza kusoma. Ndipo likaja swali ambalo kila darasa la kisomo hukutana nalo, na ninyi mtakutana nalo: tumekwisha kujua kusoma, sasa tufanye nini? Kamati ya kijiji ikawaagiza wale waalimu wawili waandike mchezo wa kuigiza, nao kijiji wataucheza.

Tufike sasa kwenye neno letu la kwanza. Jukwaa ni mahali palipoinuliwa ambapo wachezaji husimama ili watu wote wawaone. Nairobi lilikuwako jukwaa kubwa, la Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1952. Lakini jumba lile lilijengwa katika siku za ukoloni, na kwa miaka mingi wageni ndio walioendesha mambo ndani yake, kwa lugha yao. Mchuma chai wa Limuru angefanya nini mle? Watu wa Kamiriithu waliamua kujenga jukwaa lao katika zile ekari 4 za majani.

Na ni nani aliyelichora? Hakuwa mjenzi aliyesomea kazi hiyo. Alikuwa tarishi, mtu wa kubeba barua ofisini. Alichukua vijiti vya kiberiti, akavipanga na kuvigandisha mpaka akapata mfano mdogo wa jukwaa lote: mahali pa kuchezea, mahali pa kuvalia nguo, na mahali pa watazamaji. Kijiji kikautazama mfano ule, kisha kikajenga kwa mikono yake na kwa michango yake. Lilipokwisha, liliweza kuchukua watu wapatao 2,000, na juu yao hapakuwa na paa ila mbingu. Wakati ule hapakuwa na jukwaa la wazi la namna hiyo lililojengwa na wanakijiji wenyewe katika Kenya nzima. Kwa hiyo kijana akikuambia kuwa hawezi kuanza kwa sababu hakuna vifaa, mwulize kama nyumbani kwao kuna kiberiti.

Neno la pili ni mazoezi. Mazoezi ni kurudiarudia mchezo kabla ya siku ya kuuonyesha, mpaka kila mtu ajue maneno yake na mahali pake pa kusimama. Katika majumba ya mjini mazoezi hufanywa milango imefungwa. Mtazamaji haoni kitu mpaka anunue tikiti. Lakini uwanja wa Kamiriithu haukuwa na mlango wa kufunga. Tangu mwezi Juni 1977 mazoezi yalifanywa hadharani, mwisho wa juma, watu walipokuwa wamepumzika. Kila mpita njia alisimama kutazama. Na aliyesimama kutazama hakunyamaza.

Hapa ndipo pana utamu wa habari yenyewe, nami nitakaa kidogo.

Mchezaji akisema maneno ya mzee, mzee aliyekaa kwenye majani alimkatiza. Alimwambia kuwa mzee hasemi hivyo, tena mbele ya mgeni. Mzee huanza na methali, huzunguka, kisha ndipo hufika kwenye jambo lake. Mchezaji akicheza ngoma ya zamani, bibi mmoja alisimama akaonyesha mguu unavyowekwa. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza habari ya mishahara na saa za kazi, maana wao ndio walioijua. Waliopigania uhuru walisahihisha namna ya kula kiapo na nyimbo zilizoimbwa wakati ule. Waandishi wawili na mwelekezi wa mchezo, Kimani Gecau, ambaye naye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, walikaa wakasahihishwa kama watoto wa darasa la kwanza.

Tena kuna jambo ambalo nataka mlisikie vizuri ninyi mliokaa katika darasa la kusoma. Katika mchezo ule kuna sehemu ya nyimbo za kujibizana zinazoitwa gitiiro, ambazo wanawake huimba wakati wa shughuli ya posa na arusi. Maneno yale hayakutungwa na msomi. Mwanamke mmoja wa kijijini, asiyejua kusoma wala kuandika, aliyasema neno kwa neno, na mwandishi akaandika kama karani. Kwa hiyo msiniambie kwamba mtu asiyejua herufi hana la kutoa. Mtu huja darasani na mzigo kichwani. Sisi waalimu mara nyingi hatumwulizi amebeba nini.

Na vijana je? Vijana walikuwa pale, katikati ya hayo yote. Walizaliwa karibu na wakati wa uhuru, au muda mfupi kabla yake, na habari za vita vya ukombozi walizisikia kwa kunong'onezwa. Shuleni walifundishwa nyimbo nyingine. Sasa walisimama bega kwa bega na wazazi wao na kujifunza nyimbo za baba zao, na kwa nini ziliimbwa. Watoto wadogo waliotazama mazoezi walijua maneno ya mchezo kabla ya wachezaji wenyewe kuyashika. Ngugi ameandika kwamba katika siku zile ulevi ulipungua kijijini. Mimi sishangai. Kijana mwenye mahali pa kwenda Jumamosi jioni, ambapo watu wanamngoja na ambapo akikosekana kazi inasimama, hana haraka ya kwenda kilabuni.

Sasa wale wazee wanaoogopa habari za wasichana, fikirini. Mazoezi ya Kamiriithu yalifanywa mchana, uwanjani, mbele ya mama na baba na shangazi. Ni nani angeharibika pale? Uharibifu, ukitokea, hutokea penye mlango uliofungwa, na mara nyingi ni sisi wazee tulioufunga kwa kutokwenda. Ndiyo maana nilisema majibu yote mawili ni mabaya, la kuwanyima ufunguo na la kuwapa kisha kwenda kulala. Jibu la tatu ni kuwapa na kukaa nao. Mkeka mmoja chini ya mti unatosha.

Nawaeleza sasa mchezo wenyewe, kwa kifupi, maana ndani yake mna neno letu jingine. Jina lake kwa Kigikuyu ni Ngaahika Ndeenda. Umetafsiriwa pia kwa Kiswahili, na jina lake ni Nitaolewa Nikipenda. Yumo mtu mmoja maskini, Kiguunda, anayefanya kazi katika shamba la tajiri. Ana mke wake Wangeci na binti yao Gathoni. Mali yake yote ni kishamba cha ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani nyumbani kwake. Tajiri, aitwaye Kioi, pamoja na wenzake na wageni fulani, anakitaka kishamba hicho ili wajenge kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Hawaji na bunduki. Wanakuja na maneno mazuri ya dini. Wanawaambia Kiguunda na mkewe kwamba ndoa yao ya kimila haifai, wafanye arusi ya kanisani. Wazee wale wanadhani tajiri anataka ndoa ya watoto, maana mwana wa tajiri amekuwa akitembea na Gathoni. Lakini arusi ya kanisani inataka nguo, keki na karamu. Fedha zitatoka wapi?

Zitatoka benki. Na benki inataka rehani. Rehani ni kitu unachokiweka kwa mwenye fedha ili akukopeshe. Ukishindwa kulipa, anakichukua. Kiguunda anaiondoa hati ukutani na kuiweka rehani. Baadaye Gathoni anapata mimba na yule mwana wa tajiri anamkana. Baba mtu anakwenda kudai haki, kunatokea ugomvi, anafukuzwa kazi. Bila kazi hawezi kulipa. Shamba linanadiwa, na mnunuzi ni nani? Ni Kioi yule yule.

Katika mchezo huu wapo watu niwajuao, na nadhani nanyi mnawajua. Gathoni mnamjua, na ile hati mnaijua. Kila mwaka tunawafundisha watu kutia sahihi majina yao, na tunafurahi wanapoweza. Lakini sahihi ni kisu. Kinakata mkate na kinakata kidole. Mtu aliyeutazama mchezo ule hatasahau kuuliza karatasi inasema nini kabla ya kushika kalamu. Ningeweza kuwaandikia ubaoni maana ya rehani mara kumi msiikumbuke. Lakini mkimwona Wangeci ameutazama ukuta mtupu, mtaikumbuka.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Mwezi ule ulikuwa wa kutimiza miaka 25 tangu kutangazwa kwa Hali ya Hatari mwaka 1952. Watu walikuja kwa miguu, wengine wakakodi mabasi na matatu kutoka mbali. Walilia, walicheka, waliimba pamoja na wachezaji.

Tufike kwenye neno la leseni. Leseni ni ruhusa ya serikali, iliyoandikwa, ya kufanya jambo fulani. Mchezo wa hadharani ulihitaji leseni ya Mkuu wa Wilaya, na Kamiriithu waliipata. Lakini tarehe 16 Novemba 1977, baada ya majuma sita tu, leseni iliondolewa na mchezo ukazuiliwa. Tarehe 31 Desemba ya mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani kwa karibu mwaka mzima, mpaka Desemba 1978. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake ya chuo kikuu.

Kijiji hakikukata tamaa upesi. Mwishoni mwa mwaka 1981 walianza mazoezi ya mchezo mwingine, Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie. Huu ulihusu maisha ya wafanyakazi katika miaka ya 1930, siku za kipande, na ulikuwa na nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya. Walikusudia kuuonyesha mwezi Februari 1982, tena katika lile Jumba la Taifa la Nairobi. Ruhusa haikutolewa. Siku waliyofika walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa chuo kikuu, na watu wakafurika kuyatazama hayo mazoezi, maelfu kwa maelfu, mpaka nayo yakakatazwa. Mwezi Machi 1982 serikali ilikifuta kituo cha Kamiriithu, na malori matatu ya polisi wenye silaha yakaenda kijijini kulibomoa lile jukwaa. Jukwaa lililoanza kwa vijiti vya kiberiti likawa vipande vya kuni. Baadaye mahali pale pakawekwa chuo cha ufundi.

Mtaniuliza, Bwana Elimu, kwa nini serikali iliogopa mchezo? Wengine husema mchezo ulikuwa wa uchochezi, unawagombanisha maskini na matajiri. Mnaweza kuusoma wenyewe na kuamua. Ndiyo faida ya kujua kusoma. Maoni yangu ni haya. Mchezo kama ule kwa Kiingereza ungeonyeshwa Nairobi mbele ya watu mia mbili wenye tai, wangepiga makofi, na hapana ambaye angeondoa leseni. Kilichoogopesha ni kwamba watu wenyewe walikuwa wakisema, kwa lugha yao, juu ya maisha yao, na wakisahihishana. Kuwafunga mdomo lilikuwa kosa kubwa, na sisi wa idara za elimu ndio tuliopoteza zaidi, kwa maana darasa la kisomo lilibomolewa pamoja na jukwaa. Kituo kilipofutwa, watu wazima waliokuwa wakisoma pale walikwenda wapi? Hawatajwi sana katika vitabu.

Lakini mbegu ilivuka mpaka. Mwaka huo huo wa 1982 Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka miwili kabla. Huko walifanya kazi ya michezo ya vijijini, na Ngugi wa Mirii akaanzisha chama cha kuviunganisha vikundi vya michezo ya kijamii, ambavyo wachezaji wake wengi walikuwa vijana. Alikaa Zimbabwe mpaka alipofariki katika ajali ya gari mwaka 2008. Ngugi wa Thiong'o alikaa ugenini miaka mingi, akafariki Mei 2025. Kabla ya hapo, Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa katika Jumba la Taifa la Nairobi, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza. Ilichukua karibu miaka 45.

Kwa jirani zetu Tanzania iko habari nyingine, ya watoto wa shule, nami nitaipitia upesi. Mwaka 1996 waalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango uitwao Tuseme katika shule za sekondari. Jina linajieleza. Wasichana waliulizwa nini kinawazuia kusoma, wakajibu kwa michezo na nyimbo walizotunga wenyewe: mimba, kazi za nyumbani, kudharauliwa darasani, watu wazima wanaowasumbua. Kisha walizionyesha mbele ya waalimu na wazazi. Msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu mkuu jambo la aibu uso kwa uso, anaweza kulisema akiwa amevaa kanga ya mtu mwingine na kujiita jina jingine. Mpango ule ulienea baadaye katika nchi nyingine za Afrika.

Angalieni, hapa pia hapakuwa na mtu aliyewaletea wasichana maneno tayari. Nasema hivi kwa sababu siku hizi naona vikundi vingi vya vijana vinavyopewa mchezo ulioandikwa ofisini, pamoja na fulana zenye maandishi. Vijana wanaucheza, mgeni anapiga picha, gari linaondoka. Ukiwauliza juma linalofuata mchezo ulihusu nini, wanakumbuka rangi ya fulana. Siwalaumu vijana, wametumwa tu, kama barua. Jambo la kuigizwa litoke kwao na kwenu. Kama ni mifugo inayokula mazao ya jirani, basi liwe hilo. Kama ni kijana aliyedanganywa kazi ya mjini, liwe hilo. Kama ni mzee aliyeuza shamba bila kuwaambia wanawe, tutaona kama wazee wenyewe watakaa watazame mpaka mwisho.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu, zima redio baada ya maneno haya, usiharakishe.

Kwanza, kila mtu ayasome yale maneno manne ubaoni kwa sauti, kisha atunge sentensi moja ya rehani na sentensi moja ya leseni, aziandike daftarini. Asiyeweza kuandika sentensi nzima aandike neno lenyewe na jina lake.

Pili, zungumzeni. Katika darasa lenu, ni nani anayejua wimbo, hadithi au ngoma ambayo mwanawe au mjukuu wake haijui? Aitaje. Mwenzake mmoja aiandike kama inavyosemwa, bila kuirembesha, kama yule mwandishi alivyoandika gitiiro kutoka kinywani mwa mama wa Kamiriithu. Mkikosa herufi ya sauti fulani, mwulizeni mwalimu.

Tatu, amueni juu ya ufunguo wa jumba lenu. Nani anao? Vijana wakija kuuomba, watapewa siku gani, saa ngapi, na ni mzee gani na mama gani watakaokaa nao kwenye mkeka siku hiyo? Andikeni majina mawili kwenye karatasi na mibandike mlangoni. Kama vijana wenu hawajaja kuomba, mtumeni mtu akawaulize kwa nini.

Majibu yenu ya kazi ya pili mpeni mkaguzi atakapofika. Juma lijalo tutasoma jinsi ya kuandika barua ya kuomba leseni, basi njooni na kalamu na karatasi isiyo na mistari. Kwaherini.